Kocha Asiyefukuza Mpira

Nimetangaza mpira wa kikapu katika redio ya Pruitt Gap kwa muda mrefu kuliko ndoa zangu mbili ukizijumlisha, na sijawahi kuishiwa na maneno isipokuwa jioni moja ya Desemba, mwaka wa sitini na saba, pale Wexler. Jioni hiyo nilitangaza mtu aliyesimama. Hakukimbia, hakuruka, hakurusha. Alisimama tu karibu na katikati ya uwanja, mpira kwapani, kama mume anayemngoja mkewe atoke dukani. Na mimi nina watu wa milima yote ile wamekaa kando ya redio zao, wanataka kujua kunaendelea nini.

Ngoja niwaambie kwa nini alisimama, maana magazeti ya kesho yake yaliandika upuuzi mtupu. Yalisema Chuo cha Laurel Fork kilicheza kwa woga. Woga! Hawakumjua Orrin Stidham.

Orrin alikuwa kocha wetu, na ni shemeji yangu pia, kamuoa dada yangu Oleta. Kabla ya kuja kwetu alikuwa msaidizi wa Everett Thornburgh pale Chuo Kikuu cha Wexler kwa miaka kumi. Kama humjui Thornburgh basi hukuishi Kentucky siku zile. Vinyozi walitundika picha yake juu ya kioo, na katika nyumba nyingine picha hiyo ilipakana na ya Yesu. Sifa zake zote zilitokana na kitu kimoja, nacho ni zoni. Vijana wake watano hawakumfuata mtu. Kila mmoja alilinda kipande chake cha sakafu karibu na kikapu, mikono juu, na aliyethubutu kuingia humo alitoka mikono mitupu. Thornburgh alikuwa na msemo wake, aliusema karamuni, aliusema kanisani, aliusema popote palipokuwa na mwandishi wa habari: "Mimi sifukuzi mpira. Mpira huja nyumbani wenyewe." Na watu walicheka na kupiga makofi, kila mara, kama vile ndiyo kwanza wanausikia.

Sasa sikilizeni. Zoni ile ilikuwa ya Orrin. Aliibuni jikoni kwake, akipanga punje za maharage juu ya meza huku Oleta akimlalamikia kwamba anachezea chakula. Orrin ndiye aliyewafundisha vijana, siku baada ya siku, mpaka sauti ikamkauka. Siku ya mechi ilipofika, Thornburgh alivaa suti yake ya bluu akasimama mbele ya kamera. Orrin hakunung'unika. Sisi wa milimani tumelelewa hivyo, ng'ombe akikamuliwa na maziwa yakapatikana, nani anauliza aliyekamua?

Kisha baba yake akafa. Orrin akaja kumzika, akakaa na mama yake mpaka wageni wakaondoka. Aliporudi Wexler alikuta vitu vyake vimetiwa ndani ya sanduku la matufaha na kuwekwa nje ya mlango, mvuani. Kwenye kiti chake alikuwa amekaa Prentice, mkwe wa Thornburgh, kijana ambaye mpaka wiki iliyotangulia alikuwa akiuza bima.

Hilo Orrin angelimeza. Amemeza makubwa kuliko hilo. Ambalo halikumpita kooni ni hili: kila chuo alichokiomba kazi kilimpigia Thornburgh simu kuuliza habari zake, na Thornburgh alivuta pumzi ndefu, akasema, "Orrin? Aa, Orrin ni mtu mzuri sana asubuhi."

Basi, hayo tu. Hakutamka neno mlevi. Hakusema chochote ambacho ungempeleka nacho kwa hakimu. Na Orrin, mtoto wa shemasi wa Kibaptisti, mtu ambaye hata dawa ya kikohozi huinusa kwanza kabla ya kuinywa, aliendesha gari la mikate miaka minne. Dada yangu aliuza piano yake. Nilisaidia kuibeba mimi mwenyewe mpaka kwenye lori la mnunuzi, na kila ngazi niliyoshuka nilimtaja Thornburgh kwa majina ambayo redio hainiruhusu kuyasema. Mwishowe chuo chetu kidogo, ambacho hakina jeuri ya kuchagua, kikamchukua.

Wexler walikuwa na desturi yao. Kila Desemba, kabla ya mechi kubwa za Januari, walialika vyuo vidogo kuja kupigwa, ili vijana wao wapashe misuli na watu wao wapate kushangilia. Tulikwenda huko kama kuku wanavyokwenda karamuni. Mwaka ule mwaliko ulipotufikia, mkuu wa chuo alitaka kukataa kwa heshima. Orrin akamwambia, "Tutakwenda." Mkuu akasema, "Orrin, wametuzidi kila kitu." Orrin akasema tena, "Tutakwenda," na mkuu, akiutazama uso ule, akaona afadhali akubali.

Nilikuwamo katika chumba cha kuvalia kabla ya mechi, nikiandika majina ya wachezaji mkononi kwa kalamu. Vijana walikuwa wamekaa kwenye benchi wanatikisa magoti. Orrin aliingia akafunga mlango.

"Leo hatuchezi ili tushinde," alisema.

"Hilo tumelizoea, Kocha," akajibu Arliss Combs. Arliss ndiye mdundaji wetu, mwenye kuupandisha mpira, mfupi, mwembamba, ulimi wake mrefu kuliko miguu yake. Wenzake wakacheka, na Orrin akawangoja wamalize.

"Tukishinda sitakataa. Ila mimi nataka kitu kimoja. Nataka Everett Thornburgh ainuke kwenye kile kiti chake, mbele ya watu wake wote, afungue mdomo wake mwenyewe, awaambie vijana wake watoke kwenye zoni waje wawafukuze. Basi. Sitaki kingine."

"Sasa tunamfanyaje hata aseme?" akauliza Denzil Fugate, mrefu wetu, kijana mpole mwenye viganja kama sufuria.

"Arliss atashika mpira. Zoni ikimjia, atampa mwenzake. Isipomjia, atasimama."

"Mpaka lini?"

"Mpaka waje wenye mifagio."

Vijana wakatazamana. Sheria za siku zile hazikuwa na saa ya kumlazimisha mtu arushe. Ukitaka kukaa na mpira, unakaa nao. Wengi walifanya hivyo mwishoni, wakiwa mbele kidogo na wanataka muda uishe. Kufanya hivyo tangu mwanzo, ugenini, ndani ya jumba lile, hakuna aliyewahi kuwaza.

"Na akiwatoa kweli, Kocha?" Denzil akauliza.

"Akiwatoa, wewe kimbilia kikapuni uinue mkono. Utakuwa peke yako. Hawa watoto hawajui kumfuata mtu, hawajafundishwa. Aliyekuwa akijua kuwafundisha hilo alikuwa anagawa mikate."

Alisema hivyo bila kucheka, na mimi nikajisikia vizuri mwili mzima. Nilikwenda kwenye meza yangu nusura nipige mluzi.

Wenyeji walinipa meza ya kukunja mwisho kabisa, ubavuni mwa benchi yetu, karibu na ndoo ya maji. Walidhani wamenidharau. Kumbe wamenipa kiti bora jumba zima, maana nilisikia kila neno la Orrin.

Mechi ikaanza. Wexler wakaruka, wakapata mpira, wakafunga kwa urahisi, watu wakapiga vigelegele. Tukajibu. Wakafunga tena, tukasawazisha kwa mitupo huru, nne kwa nne. Kisha Wexler wakakosa, Denzil akaudaka mpira ukirudi, akampa Arliss. Arliss akavuka mstari wa kati, akaitazama zoni iliyojipanga mikono juu, akautia mpira kwapani, akasimama.

"Wasikilizaji wangu," nikasema, "Arliss Combs ana mpira." Nikangoja. "Bado anao." Nikangoja tena. "Sasa ameuhamishia kwapa la kushoto."

Mwanzoni watu walidhani ameumia. Kisha wakadhani amesahau. Baadaye kelele zikaanza kushuka kutoka juu kabisa ya jumba mpaka chini.

"Rusha, we mchimba makaa!"

"Unauatamia? Kaatamie kwenu!"

"Ulete huku nikuonyeshe unavyotumika!"

Arliss akamgeukia huyo wa mwisho, akamwinamia kwa adabu kama mtu aliyetambulishwa kwa mama mkwe. Jumba likalipuka kwa zomeo. Mimi nilicheka ndani ya kipaza sauti mpaka fundi wangu kule stesheni akanipigia kuuliza kama niko salama.

Thornburgh alikaa kwenye kiti chake, mikono imekunjwa kifuani, suti ya bluu haina hata kunyanzi. Prentice alikuwa kando yake akimnong'oneza sikioni. Thornburgh hakugeuka. Uso wake ulikuwa unasema: mpira huja nyumbani.

Haukuja. Nilisoma bei za nguruwe. Nilisoma tangazo la duka la mbegu la Hobart, nikalisoma tena kwa sauti ya huzuni, na tena kwa sauti ya mahubiri. Nilieleza viatu vya Arliss, kwamba cha kulia kilikuwa na kamba ya kiatu cha kanisani. Chini pale, nahodha wa Wexler, kijana mwekundu wa nywele, alikuwa mbele kabisa ya zoni, mikono imemchoka hewani. Yeye na Arliss walianza kuzungumza.

"Utarusha lini?"

"Una haraka? Una miadi?"

"Kocha kasema tusitoke."

"Basi tukae. Kwenu mnalima nini?"

"Tumbaku."

"Na sisi tumbaku. Mwaka huu imeoza ghalani, mvua tu."

"Ya kwetu pia," akasema mwekundu, na akashusha mikono kidogo, na Thornburgh akamkemea kutoka kwenye kiti, "Mikono juu!" Akaiinua.

Kipindi cha kwanza kiliisha nne kwa nne. Nilipita kwenye ujia wa nyuma kutafuta kahawa, na hapo nikawakuta wawili wale, Orrin na Thornburgh, uso kwa uso, kila mmoja akielekea kwa vijana wake. Nilijibanza ukutani na kikombe changu. Sioni haya kusema nilisikiliza.

"Orrin," alisema Thornburgh kwa sauti ile ile ya kwenye simu, sauti ya huruma. "Unawaaibisha hawa watoto wako. Wacheze kama wanaume."

"Mpira uko pale, Everett. Njoo uuchukue."

"Nimekufundisha bora kuliko hivi."

Nilidhani Orrin atampiga. Mimi ningempiga. Masikio yake, ambayo ni makubwa, yaligeuka mekundu mpaka kwenye ncha. Lakini alisema polepole tu, "Mtaka cha mvunguni sharti ainame," akaenda zake. Thornburgh akaniona, akaniuliza mimi ni nani. Nikamwambia ni yule aliyebeba piano. Hakuelewa, na sikumweleza.

Kipindi cha pili tukapata mpira wa kwanza, na Arliss akarudi pale pale aliposimama, kama mtu aliyeacha kofia yake hapo. Wexler waliupora mara moja, wakafunga. Sisi tukafunga, sita kwa sita, na mpira wao uliofuata ukagonga chuma ukarudi kwetu. Arliss akasimama tena. Kisha ikatokea ile niliyokuwa nikiisubiri bila kujua kwamba naisubiri: zomeo liligeuka.

Lilianzia kwa mama mmoja wa makamo, mnene, kofia yenye manyoya, aliyekaa safu ya mbele upande wa Wexler. Nadhani kila mechi alikuwapo pale, maana watu wa karibu naye walimheshimu. Alisimama, akaweka mikono kiunoni, na hakumtazama Arliss hata kidogo.

"Everett!" aliita. "Everett Thornburgh! Utakaa hapo mpaka lini? Watoe hao watoto!"

"Watoe!" mwingine akaitikia.

"Everett, mguu umekufa ganzi? Tukuinue?"

"Alilipa baba yangu kujenga hili jumba, si kwa ajili ya kutazama sanamu!"

Vikombe vya karatasi vikaanza kuruka, na havikutua kwetu. Kimoja kilianguka karibu na viatu vya Thornburgh, barafu ikamwagika. Wanafunzi kule juu wakashika mdundo wa miguu: to-ka, to-ka, to-ka, mpaka meza yangu ikawa inatetemeka na kahawa ikamwagika juu ya bei za nguruwe. Nilimwangalia Orrin. Alikuwa amekaa ameinama mbele, viwiko magotini, na hakuwa anautazama uwanja hata kidogo. Alikuwa anamtazama mtu mmoja tu, ng'ambo ile, bila kupepesa.

Prentice alikuwa anamvuta mkwewe mkono wa koti. Thornburgh akaunyakua mkono wake. Prentice akasema kitu. Thornburgh akatazama juu kwenye viti, akazungusha kichwa taratibu safu kwa safu, na nadhani hapo ndipo alipoona kwamba hakuna hata mmoja aliyekuwa upande wake. Miaka yote ile walimpenda, na walimpenda kwa sababu walikuwa wanashinda na wanaangalia mpira. Jioni hiyo hawakuwa na kimojawapo.

Akainuka.

Akafungua mdomo, akafunga, akafungua tena. "Tokeni," alisema. Sauti haikutosha. Ilibidi aseme tena kwa nguvu, na kila mtu akasikia, nami nilinyoosha kipaza sauti mkono wote ili milima nayo isikie. "Tokeni! Mfuateni! Mfukuzeni!"

Oleta aliniambia baadaye kwamba aliposikia hivyo kwenye redio aliketi chini, sakafuni, katikati ya jikoni.

Vijana wa Wexler wakatoka, na ilikuwa kama Orrin alivyosema. Hawakujua nani amfuate nani. Wawili walimkimbilia Arliss kwa pamoja wakagongana vifua. Mmoja alimfuata mchezaji wetu mpaka kona, kisha akamwacha akarudi kwenye kipande chake cha sakafu kwa mazoea, akainua mikono, hakuna wa kumlinda. Denzil alikwenda zake kikapuni akanyoosha mkono. Alikuwa peke yake kama mchungaji mbinguni. Arliss akamrushia, Denzil akaweka ndani, wala hakuruka.

Na watu wakacheka. Mimi ningechagua kuzomewa. Anayekuzomea bado anakuogopa kidogo. Wale walicheka kwa moyo, akina mama, wanafunzi, mzee mmoja akijipangusa macho. Kocha wa zoni anafundisha watoto kukimbiza kuku! Tukafunga tena vile vile. Wakamkamata Arliss mikono kwa hasira, akapiga mitupo huru, yote ikaingia. Mara ya nne Thornburgh alijaribu kuwarudisha kwenye zoni, nusu wakasikia na nusu hawakusikia, Denzil akafunga hata hao waliosikia wakiwa wamempa kisogo. Kumi na nne kwa sita. Nikawaambia wasikilizaji wangu kwamba mtenda akitendewa huona kaonewa, na kama Bwana Thornburgh anaonewa, basi ajue duniani kuna magari ya mikate na yanahitaji madereva.

Nilifurahi. Sitajifanya. Nilifurahi mpaka mbavu zikaniuma.

Zikabaki sekunde chache tu saani, mpira wetu, ushindi wetu. Chuo kidogo cha milimani kimewapiga Wexler ndani ya jumba lao. Kilichobaki ilikuwa Arliss aushike mpira mpaka filimbi ya mwisho, na kwa kazi hiyo alikuwa bingwa. Wexler wenyewe walikuwa wameshaacha kufukuza.

Orrin akainua kidole kumwelekea Arliss, kisha akagusa kiganja cha mkono mwingine. Siku zile kocha hakuweza kuomba mapumziko mwenyewe. Mchezaji ndiye aliyemwomba mwamuzi, kocha akimpa ishara. Arliss akamtazama kama hakuelewa. Orrin akarudia. Arliss akaomba, filimbi ikalia.

Kila timu ilikuwa na mapumziko matano. Sisi, kwa kusimama tu, hatukuwa tumetumia hata moja.

"Kuna nini, Kocha?" vijana waliuliza wakija mbio kwenye benchi. "Tumekosea wapi?"

"Hamjakosea. Kunyweni maji."

Pale Wexler, kila mapumziko bendi hupiga wimbo wa chuo, na watu husimama wakamwita kocha wao kwa jina. Bendi ikapiga, kwa mazoea. Watu wakasimama, wakaita, "E-ve-rett! E-ve-rett!" huku wakicheka mpaka jina likavunjika midomoni. Na Thornburgh, kwa kuwa ndivyo kocha anavyotakiwa kufanya, alisimama katikati ya vijana wake dakika nzima na hakuwa na cha kuwaambia. Angesema nini? Alisogeza midomo. Nilimwona Prentice amekodolea macho sakafu.

Mapumziko yakaisha, Arliss akapokea mpira, sekunde ikapita, Orrin akainua kidole.

Filimbi.

Mara hii niligundua kwamba anamsimamisha Thornburgh makusudi mbele ya kicheko kile, na nikapiga ngumi juu ya meza kwa raha. Tena, shemeji, tena! Mkuki kwa nguruwe mtamu! Bendi ilipiga nusu ya wimbo ikaacha. Watu waliita jina lake, wengine wakaongeza maneno ambayo sikuyaruhusu yapite kwenye kipaza sauti. Thornburgh akasimama katikati ya watoto wake.

Mara ya tatu bendi haikupiga. Watu walianza kuvaa makoti. Yule mama wa kofia ya manyoya alikuwa ameketi, amekunja mikono pajani, hacheki tena, na akamwambia jirani yake kwa sauti niliyoisikia mpaka kwangu, "Mbona sasa anamfanyia hivi?"

Mara ya nne, nahodha yule mwekundu wa nywele alikuwa analia wazi wazi. Hakujificha. Alisimama kando ya kocha wake, jezi imemng'ang'ania mgongoni, machozi yanamtiririka, na wenzake hawakujua wamtazame au wasimtazame. Arliss alikuwa anamtazama.

"Kocha," Arliss akasema, na ulimi wake ule mrefu haukuwa na mzaha. "Inatosha, Kocha. Wale ni wenzetu tu. Twende nyumbani."

"Kunywa maji."

"Nimeshakunywa."

"Kunywa tena."

Denzil alikunywa kwa niaba yake. Mimi nilianza kutazama viatu vyangu. Niliwaza piano, ili hasira inirudie, na ilirudi, lakini ikaja nusu.

Hapo ndipo Thornburgh alipofanya jambo ambalo sijaona kocha yeyote akilifanya. Aliwaacha vijana wake, akavuka uwanja, peke yake, viatu vyake vikilia juu ya mbao, akaja mpaka kwenye benchi yetu. Kwa karibu alionekana mzee. Kola ya shati ilikuwa imelowa. Alisimama mbele ya Orrin, na Orrin, kwa adabu aliyolelewa nayo, akainuka.

"Umeshinda," alisema Thornburgh.

"Naona."

"Zoni ni yako. Nitalisema hilo leo leo, nitawaita waandishi wote. Na zile simu..." Akajipangusa paji la uso. "Nitawapigia wote. Kila chuo. Nitasema nilidanganya. Oleta nitamwandikia mwenyewe. Unataka nini kingine? Niambie, nitafanya."

Nilimwangalia shemeji yangu. Miaka yote ile, katika meza ya dada yangu, nimemsikia Orrin akisema kwamba angetosheka na neno moja tu la namna hiyo, hata liwe la kunong'ona, hata liwe gizani. Na sasa limekuja lote, kamili, na zaidi ya alivyoomba. Nilingoja uso wake ulegee. Nilingoja anyooshe mkono.

"Inatosha, Orrin," Thornburgh akasema. "Waangalie hao watoto. Inatosha."

Orrin hakuwaangalia. Aliangalia saa ya ukutani, kisha akamwangalia Thornburgh, kwa utulivu, kama mtu anayemjibu mteja.

"Bado moja," alisema.

Thornburgh akageuka akaanza kurudi. Ule uwanja ni mrefu ukiuvuka na hakuna bendi. Mwamuzi akapuliza, Arliss akapokea mpira, akautia kwapani, akageuka kututazama. Macho yake yalikuwa yanamwomba Orrin asifanye. Orrin akainua kidole.

Nikawaambia wasikilizaji wangu kwamba Laurel Fork wameomba mapumziko. Fundi wangu kule stesheni akaniuliza sikioni ni kwa nini, watu wanapiga simu wanataka kujua, na nilikaa na kipaza sauti mkononi dakika nzima bila kumjibu.